Mtamba wa Marwa Hakuonekana Benki

Alhamisi. Hapa Kemambo mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Mashine yangu ya kusaga ina wiki tatu haijalia. Mota imeungua. Wateja wananipita na mtama wao kichwani, wananisalimia harakaharaka, wanakwenda kusaga kwingine. Leo nikavaa shati la kanisani, nikaenda Tarime mjini kuomba mkopo benki.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi Mwita, nani asiyenijua?

Dada wa mikopo ni mgeni mkoa huu, mpole. Akaandika namba ya kitambulisho changu, akanigeuzia kompyuta. "Kaka, kuna mkopo ulichukua kwingine miaka minne iliyopita. Haukumalizwa."

Jamani! Nilitaka kubisha, nikakumbuka.

Ule mkopo ulikuwa wa Marwa. Tulitahiriwa msimu mmoja, na mtu wa rika lako akikuita kijana mwenzake, akisema "Mura, nisaidie," huna pa kutokea. Mke wake alihitaji upasuaji. Nikakopa kwa jina langu, nikampa hela yote. Akarejesha miezi michache, akakwama. Wazee wakatukalisha, Marwa akaniletea mtamba wa ng'ombe, tukapeana mikono, ikawa yameisha. Wale walionikopesha walishafunga ofisi yao ya hapa, na mimi nikasahau kabisa kwamba wapo.

Mtamba nikabaki naye.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Yule mtamba alitakiwa auzwe, hela ipelekwe kwa wenyewe. Mimi nikamwingiza zizini kwangu, nikajiona nimetenda haki. Marwa alilipa. Ambaye hajalipa ni mimi.

Nilijaribu kumweleza yule dada habari za wazee na mtamba. Alinisikiliza hadi mwisho, maskini. "Nakuamini, kaka. Lakini sisi hatumjui Marwa wala hao wazee. Wakopeshaji wanapeleka taarifa zao mahali pamoja, na kabla hatujatoa hela tunaangalia huko mtu aliwalipaje wenzetu." Nikamuuliza, je, nikilipa sasa? "Lipa, uchukue barua. Itaonekana umemaliza. Ila itaonekana pia kwamba ulichelewa, na hiyo haifutiki haraka."

Nikatoka. Nje nikamkuta Marwa mwenyewe juu ya pikipiki mpya, meno yote nje. Ameikopa benki hiyohiyo. Wamemwangalia huko kwenye taarifa zao, jina lake halina doa. Akanipa lifti hadi nyumbani, anapiga stori njia nzima, na mimi naitikia tu, ya benki simwambii.

Nilimwonea wivu. Kisha nikaona aibu, maana angejua angelia.

Sasa ni jioni, mke wangu Bhoke anamkamua yule mtamba wa Marwa, siku hizi ameshazaa. Ndama anamsukuma kwa kichwa na yeye anacheka. Tangu mashine inyamaze, maziwa ya ng'ombe huyu ndiyo yanatupa chumvi na sabuni. Sina kitu kingine cha kuuza, na keshokutwa ni siku ya mnada wa ng'ombe.

Bhoke hajui lolote. Ananiita nikapokee ndoo.

Nimwambie kabla sijaipokea, au nimwache kwanza amalize kucheka?