Felista Yu Hai, Usinyoe Nywele

Misheni, Tarime
9 Agosti 1956

Mpendwa mdogo wangu Kornelio,

Kabla sijakusalimu: mpwa wako Felista yu hai. Kama simu ya maandishi ya binamu yetu Heche imekwisha kukufikia huko Tabora, ichane. Kama umeshanyoa nywele kwa msiba, basi, zitaota. Mtoto yuko hapa nyuma yangu, anapepeta ulezi.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Na hao wakubwa wa reli, wanakupa hata nafasi ya kupumua? Sisi ni wazima wa mwili, ila mioyo yetu haiko mahali pake.

Unamkumbuka Mwalimu Athanas, anayefundisha kwaya hapa misheni. Mwaka huu alichagua vijana wenye sauti nzuri akawafundisha vipande vya opera, yaani ile michezo ya Kizungu ambayo watu hawasemi, huimba tu, hata wakigombana. Jumamosi jioni, jua halijazama bado, waliimba katika ukumbi wa shule, na watu walijaa mpaka madirishani. Simioni wa Morotonga alikuwa mfalme, amejitanda blanketi la padre. Verdiana aligombana na mume wa kuigiza kwa wimbo, na wanawake walimshangilia kila alipomtukana. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha Felista. Alikuwa binti ambaye baba yake anamkatalia mchumba anayempenda, naye anakunywa sumu. Shemeji yako Waitara aliniuliza kwa nini watu hao hawakuongeza ng'ombe mambo yaishe. Lakini mtoto alipofungua mdomo, hata yeye aliwasahau ng'ombe. Kornelio, sauti ile sijui aliitoa wapi. Sikujua kama nilizaa kitu kama kile. Aliimba huku akilegea, akalala chini, wenzake wakamfunika shuka nyeupe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yetu alikuwa ametoka Kerende siku hiyo hiyo kuja kumwona mjukuu wake, na kosa ni letu sote: hakuna aliyemweleza kwamba mtoto atajifanya amekufa. Alipoona shuka imefika usoni, alisimama akapiga yowe la msiba, akamtaja Felista kwa jina. Unalijua yowe lile kwetu. Mwanamke akilisikia hangoji kuuliza. Ukumbi mzima uliitikia, walio nje wakalipokea, likaenda mpaka vilimani. Heche alikuwa barabarani anapanda lori la Musoma. Alisikia jina, akaondoka nalo, akakupelekea ile simu.

Mwalimu Athanas aliogopa zile kelele. Alivuta pazia, wakamtoa Felista kwa mlango wa nyuma. Kumbe katika mchezo huo waliokufa huinuka mwishoni, huinamia watu na kupigiwa makofi. Sisi hatukumwona akiinuka. Watu walikwenda makwao wamemwacha chini ya shuka.

Mama alirudi Kerende akanyoa kichwa. Jumatatu nilimpeleka Felista akamsalimie. Alisema, "Shikamoo bibi," na mama hakuitikia. Alimtazama miguu, kisha akaniambia mimi, "Huyu nimeshamlilia. Atoke kwanza alikolala." Hata huku Tarime, sokoni wanampisha njia. Mogesi, rafiki yake waliyekuwa wakila naye sahani moja, amemrudishia kitambaa alichomwazima na hakungoja hata kukaribishwa. Waitara anasema kwa sauti kubwa kwamba haya ni mambo ya upuuzi, lakini hamruhusu tena kwenda kisimani peke yake.

Wazee wamekaa, wameamua. Jumapili baada ya misa kipande kile kitarudiwa mbele ya watu wale wale. Felista atalala, atafunikwa, kisha mimi niliyemzaa nitamwita jina, naye ainuke wote wakiona. Mama atakaa mbele kabisa na kichwa chake kilichonyolewa. Akimwona ameinuka, atamwitikia salamu, na yatakwisha. Padre amekubali. Anasema ndivyo mchezo ulivyotakiwa kumalizika tangu mwanzo. Kwake ni rahisi.

Sasa nakuambia neno ambalo sijamwambia hata Waitara. Jana tulikuwa tunachambua mboga, Felista akasema bila kuniangalia, "Mama, siku ile si kwamba walinikataza kuinuka. Nilimsikia bibi ananililia. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Nikawaza, labda ni kweli." Walimbeba, Kornelio. Mwalimu Athanas alidhani bado anaigiza.

Ndiyo maana naogopa. Naogopa tangu ninapoamka. Nimezaa na nimeuguza, lakini sijawahi kuogopa kulitaja jina la mwanangu mpaka wiki hii. Akijilaza mchana kidogo tu, nakwenda kuangalia kama shuka inapanda na kushuka. Nitasimama pale Jumapili nimwite mbele ya watu wote, na sijui nitafanya nini kama atabaki amelala.

Nilimwambia tuache, nimpeleke kwa shangazi yake Mugumu mpaka watu wasahau. Amekataa. Anasema hawezi kuishi mahali ambapo bibi yake haitikii shikamoo yake. Ana kichwa kigumu, na hicho hakukipata kwa Waitara, amekitoa kwetu.

Msalimie sana wifi yangu Esta, na Tomaso umwambie shangazi yake anataka kusikia amefika darasa la ngapi. Waitara anakusalimu. Mama naye angekusalimu, ila wiki hii hamsalimu mtu. Mungu akulinde huko kwenye mavyuma yenu, akurudishe nyumbani na viungo vyako vyote.

Najua barua hii itakufikia wakati Jumapili imekwisha kupita, na lolote litakuwa limekwisha kuwa. Hata hivyo nakuomba, ukifika hapa katika kusoma, toka nje, geukia upande wa kwetu, umwite Felista kwa sauti. Wewe ni mjomba wake. Ninaogopa kwamba sauti yangu peke yake haitatosha.

Wako akupendaye,
dada yako,
Bernadetha