Idi Bila Sinia

Morogoro mjini, 12 Mlisho 1331
(Wadachi wanaiita 17 Julai 1913)

Kwa mke wangu mzee, Bibi wa Mkuyuni,

Shikamoo. Salamu nyingi zikufikie, na zikizidi mgawie dada yangu Mwajuma na yule mgeni wake aliyezaliwa ambaye sijamwona. Goti linasemaje? Na lile jino lililobaki, bado linatafuna muwa au limejiuzulu?

Ama mimi, nikisema sijambo nitakuwa mwongo. Kile kikohozi cha masika hakikuondoka na mvua. Mwezi uliopita kilitoka na damu. Bwana Ebrahim, tajiri wangu wa dukani, alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa Kidachi. Daktari akaniwekea bomba kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema ni kifua kikuu. Nikamwuliza, kinapona? Akasema wengine hupona. Alikuwa ananawa mikono aliponijibu, hakunitazama.

Amenipa amri zake. Nilale peke yangu, dirisha wazi. Nitemee kwenye kopo. Nile kwenye sahani yangu mwenyewe na kunywa kwenye kikombe changu mwenyewe, nisichangie na mtu. Watoto wachanga nisiwasogelee. Bwana Ebrahim hakunifukuza, Mungu ambariki. Amenitoa dukani akaniweka uani kwenye magunia ya ufuta, kwenye upepo mwingi na wateja wachache, na mkewe huniletea uji.

Sasa neno lenyewe. Kila mwaka nakuja kula Idi kwenu. Mwaka huu sitakuja. Usinikasirikie, Bibi. Mwajuma ana mtoto mchanga, na mimi nikifika nitataka kumbeba.

Nakutumia mtandio kwa mkono wa Hatibu, mchuuzi wa ndizi. Ni mweusi kwa sababu myekundu yote iligombaniwa.

Mume wako,
Mikidadi


Mkuyuni, 21 Mlisho 1331

Mume wangu mtoro,

Marahaba. Salamu zimefika, mtandio umefika, na Hatibu amefika, akasema hana njaa, kisha akala ugali wetu wote. Sisi tu wazima. Goti ni lilelile, na jino linakusalimu. Usinicheke mwandiko. Babu yako, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi nikiwa bibi harusi, na akili yangu yote ilikuwa kwa mwalimu, haikuwa kwenye alifu.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaenda kupalilia mihogo. Nikarudi nikaisoma tena, maneno yakawa ni yaleyale. Basi nikalia, nikamaliza, na sasa nakujibu.

Tangu mama yenu aliponiachia wewe na Mwajuma, mkiwa bado mnagombania ukoko wa wali, sijala Idi nisione uso wako. Hata mwaka ule ulipokuwa unachimba njia ya gari moshi ulikuja, mikono yote malengelenge, dada yako akakulisha matonge. Leo unaniandikia kwamba huji kwa sababu ya kikohozi.

Unaogopa kuniambukiza? Ugonjwa wako, kwa nilivyosikia, huenda polepole. Mimi nina haraka. Utanipatia wapi? Mwezi wa Ramadhani ukiandama, anza kufunga mizigo. Saumu haikuhusu. Mgonjwa kasamehewa na msafiri kasamehewa, na wewe ni wote wawili.

Mjomba wako Salum nimemweleza. Akauliza kama utalala nyumba kubwa pamoja na watoto. Usimlaumu, ana hofu kama wewe. Nimemwambia utalala penye upepo.

Mkeo,
Bibi


Morogoro, 9 Ramadhani 1331

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini saumu haijawatesa na kwamba mvua za huko mlimani zimewaacha mkauke. Leo sina utani, nisamehe.

Nikueleze tunavyofuturu hapa. Magharibi ikiadhiniwa, vijana wa duka hukaa barazani, sinia moja katikati, mikono yote humo. Mimi hukaa kando, juu ya gunia, na sahani yangu ya bati. Hakuna aliyeniambia nikae kule. Wao husema, "Mikidadi, karibu," kwa sababu ni adabu, nami husema, "Asanteni, nimetosheka," kwa sababu nayo ni adabu. Sote tunajua. Juzi Maneno, yule niliyechimba naye reli, alinipa tende mkononi. Kisha nikamwona anapangusa mkono kwenye kanzu. Wala mwenyewe hakujua kwamba anapangusa.

Hilo kwa Maneno nalivumilia, ni rafiki. Lakini nikimwona Mwajuma anapangusa mkono, Bibi, sitavumilia.

Na liko jingine. Watu wa kifua wakirudi kwao, wanarudi kulala. Hapa asubuhi naamka, napanga magunia, mtu ananiita kwa jina langu ananiuliza ufuta wa nani huu. Nikija huko nitakuwa mgonjwa tu, na nyinyi mtakaa mlangoni mkinong'ona.

Kuleni Idi yenu kwa raha. Nikumbukeni kwenye dua, inatosha.

Mjukuu wako,
Mikidadi


Mkuyuni, 19 Ramadhani 1331

Mikidadi,

Marahaba. Naona umetia sahihi "mjukuu wako". Talaka hii nimeandikiwa lini, na mashahidi ni kina nani? Siipokei.

Sikubembelezi. Nimezichukua zile amri za daktari wako nikazisoma moja moja, kama babu yako alivyokuwa akisoma kesi za watu huku akitafuta mlango wa kutokea ulipo. Dirisha wazi: utalala ile nyumba ndogo inayotazama bondeni, upepo wake huzima taa. Kopo: lipo, na majivu ya kufukia yapo. Mtoto: utamwona kwa mbali, Mwajuma atakunyanyulia juu umtazame mpaka uchoke. Nikafika kwenye sahani yako mwenyewe, hapo nikakwama. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Leo nikiwa shambani nikacheka peke yangu hadi jirani akaniuliza kama ni njaa ya saumu. Mikidadi, daktari amekukataza wewe kula sinia moja na sisi. Je, sisi ametuamuru tule sinia moja?

Basi nimekata shauri. Idi hii nyumba yangu haina sinia. Kila mtu jani lake la mgomba, kila mtu kifuu chake cha maji. Mimi langu, Mwajuma lake, mjomba wako lake, na watoto kila mmoja lake. Wewe na bati lako kutoka mjini ndiye utakayeonekana umejidai.

Mjomba Salum alifoka. "Mama, kila mtu na chake ni mambo ya Wadachi! Watu watasema tumegombana!" Nikamwambia, waache waseme, midomo ni yao. Akanuna. Jana nikamkuta nyuma ya nyumba anachagua majani, anayapima upana kwa shubiri. Anataka lake liwe kubwa kuliko ya wote.

Mwajuma nilimsomea barua yako, pamoja na ile habari ya mkono. Kisha akasema, "Mwambie kaka nguo zangu zote mtoto amezikojolea, sina hata pa kupangusia."

Na kuhusu kulala, mume wangu, mgonjwa ni mgonjwa popote alipo. Hapa utakuwa mgonjwa mwenye watu.

Mkeo, ambaye hajaachika,
Bibi


Morogoro, 27 Ramadhani 1331

Mke wangu,

Shikamoo. Natoka kesho alfajiri. Hatibu ananitangulia na barua hii, kwa kuwa yeye hutembea na mimi siku hizi hukaa njiani zaidi kuliko ninavyotembea. Nitalala Bigwa, nitalala Kiroka, kisha Mungu anajua. Idi ikinitangulia, msinisubiri, msiwaweke watoto na njaa.

Mwambie Mjomba Salum jani kubwa ni la mgeni.

Mumeo,
Mikidadi


Mkuyuni, 16 Mfungo Mosi 1331

Mume wangu,

Salaam aleikum, na shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Umefika salama? Yule jamaa mwenye punda uliyeondoka naye alikufikisha mjini au alikushusha Bigwa? Sisi huku tu wazima. Jino limeng'oka siku ile uliyoondoka, sasa tuongee kama walivyoumbwa watu, bila kutafunana.

Yako mambo hukuyaona, nami nataka uyajue.

Watu wa mjini hutucheka siku zote kwamba sisi wa nyuma ya mlima tunakula kiporo cha Idi. Ni kweli, mlima unaumeza mwezi kabla sisi hatujauona. Jioni ile ya ishirini na tisa wanaume walipanda juu ya makaburi, wakatazama mpaka macho yakatoka machozi. Ukungu mtupu. Mjomba Salum alishuka akatangaza, "Tunatimiza thelathini." Halafu akaja karibu yangu akasema kwa sauti ndogo, "Pengine atawahi." Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anakuhesabia njia. Nyinyi huko mlikwishaona mwezi, nawe ulikuwa Kiroka umelala kwa watu, na Idi ya Morogoro ikakupita ukiwa barabarani. Ya kwetu ikakuta umefika. Maisha yangu yote nimekuwa nikiuonea haya mlima huu, nilivyoukosea!

Siku ya Idi wewe ulikuwa unatazama jani lako, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikula kidogo. Lakini ulicheka, pale mtoto wa jirani alipokuja na kuuliza kama sinia letu limeibwa. Baada ya kula ukalala. Mjomba Salum akachukua ile sahani yako uliyoitandika jani, na kikombe, hakumwita mtu, akavipeleka mwenyewe jikoni na kuvimwagia maji yanayochemka kama ulivyotuelekeza. Akarudi akakaa chini karibu na mlango wako, nje, hakunong'ona na mtu. Alikaa mpaka ulipoamka.

Na Mwajuma, hata leo, akipika huniletea changu kwenye jani. Nimemwambia Idi imekwisha. Anasema hajui, labda utarudi ghafla ukute tumekusahau.

Sasa la kwangu. Kabla hujaja nilidhani nitakiogopa kikohozi chako. Usiku nilikuwa nakisikia kutoka nyumba ndogo, nami nalala vizuri, kwa sababu nilijua upo. Ulipoondoka pakawa kimya, na kimya hicho ndicho ninachokiogopa. Hatibu asipokuja sokoni sijui kama u hai.

Idi ilikuwa hila tu, Mikidadi. Nilitaka uje. Sasa nakuomba bila hila. Rudi ukae.

Bibi yako


Morogoro, 2 Mfungo Pili 1331

Bibi yangu, mke wangu,

Shikamoo. Pole na jino, ulikaa nalo vizuri. Barua yako naisoma uani kwenye magunia, na leo sijapanga hata gunia moja.

Nimekwenda tena kwa daktari. Akaniwekea bomba lake, akasikiliza upande wa kushoto kwa muda mrefu zaidi kuliko kulia. Safari hii alinitazama. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia, milimani. Akasema, "Nenda." Hakusema nirudi lini. Nimelielewa neno lake, na wewe pia utalielewa, kwa hiyo sitaliandika.

Nimemuaga Bwana Ebrahim. Alianza kunipa wasia, akashindwa kuumaliza, akaingia ndani. Mkewe amenishonea kanzu.

Niliwahi kukuambia kwamba wanaorudi kwao wanarudi kulala. Nilipokuwa huko nililala, kweli. Lakini niliamka pia, maana mlikuwa mnabishana nje nani kapewa jani kubwa, nami nikataka kusikia kashinda nani. Hapa mjini naamka kwa mazoea. Kule niliamka kwa hamu.

Sijui nimebakiwa na kiasi gani. Kikiwa kingi tutagombana sana, na kikiwa kidogo nakitaka huko. Naogopa, Bibi. Nakwambia wewe peke yako, wengine nitawaonyesha meno. Amri za daktari ziko palepale, mtoto wa Mwajuma akae mbali hata mimi mwenyewe nikisahau na kumnyooshea mikono. Hasa nikisahau.

Hatibu anaondoka na barua hii sasa hivi, nami nafuata asubuhi. Maneno ameomba ruhusa anisindikize. Atabeba mkoba wangu, na asema nikichoka atanibeba na mimi, tulivyokuwa tukibeba mataruma ya reli, mmoja huku mmoja huku, ila sasa mmoja ndiye mzigo.

Usinijibu, Bibi. Jibu lako nataka kulisikia mlangoni.

Mume wako,
Mikidadi