Sakafu ya Gibson na Magunia ya Baba

Kaloleni, Voi
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kaloki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, nikitumaini kwamba joto la Doha halijakumaliza. U hali gani? Lile goti lilipona, au bado unasimama kazini kutwa nzima ukijifanya kijana? Sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Ukiniuliza kuhusu amani, hapo itabidi uvumilie nikueleze polepole.

Voi ni vumbi na upepo kama ulivyoiacha. Wendy yuko kidato cha pili, amekuwa mrefu kuliko mimi, na viatu vyangu havimtoshi tena, jambo ambalo nalifurahia kwa sababu alikuwa akiviiba. Kanisani wamebadilisha mchungaji. Huyu mpya anahubiri mpaka sufuria za watu zinaungua nyumbani, lakini ana moyo mzuri.

Barua hii nampa Koki, binti wa jirani yetu Tryphena, anayekuja huko kazini wiki hii. Usishangae dada yako kuandika kwa mkono. Kwa simu huwa una haraka, na kila ninapofika kwenye jambo lenyewe mtandao wako unapotea. Hii utaisoma hadi mwisho.

Jambo lenyewe ni baba. Hayuko hapa tena. Amerudi Marungu, analala peke yake katika ile nyumba ya zamani, na nimeshindwa kumrudisha.

Unakumbuka alivyokuja kukaa kwetu baada ya mazishi ya mama, presha ikimsumbua. Alikuja shingo upande. Mkamba wa rika lake kulala kwa mkwewe, apikiwe na kufuliwa huko, ni aibu asiyoweza kuitaja. Shemeji yako Gibson naye, ingawa ni Mtaita, amelelewa kwa adabu hiyohiyo. Mwaka mzima waliishi kwa kupishana. Baba hakula mpaka Gibson ametoka, na Gibson hakuketi sebuleni mpaka baba amelala. Mimi nilikuwa napakua mara mbili mbili kama mwenye hoteli. Lakini waliheshimiana sana, na hilo lilinitosha.

Kilichomtoa baba kwenye unyonge ni gereji. Shemeji yako aliamua kuacha kutengenezea magari kwenye mchanga, akajenga banda la maana nyuma ya nyumba, lenye sakafu ya zege. Baba alisahau presha. Alivaa ile kofia yake ya enzi alipokuwa fundi mwashi wa reli akasimama juu ya mafundi siku nzima, na zege ilipomwagwa, yeye ndiye aliyeitunza. Aliifunika magunia akayalowesha asubuhi na jioni, kwa sababu jua la Voi hukausha simenti kabla haijashika, na simenti ya namna hiyo hupasuka. Sakafu ilitoka bila ufa hata mmoja. Gibson alimsifu mbele ya vijana wa gereji, na nilimwona baba akijikaza asitabasamu.

Sasa, kuna kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani iliyokuwa tayari kutuletea magari yake yote. Walitaka mahali safi, sakafu isiyonyonya mafuta. Tukaacha ile zege ikae mwezi mzima ikomae na kukauka ndani kwa ndani, kisha Gibson akamwita fundi kutoka Mombasa, anaitwa Maxwell, aje kupaka rangi ya epoksi. Ni rangi ya kuchanganya dawa mbili, halafu inapakwa upesi kabla haijagandia ndoo. Ilipomalizika iling'aa hata nikaona haya kupita na ndala zangu.

Maxwell alitueleza vizuri. Kesho yake tungeweza kukanyaga polepole, lakini magari yasubiri wiki nzima, na mafuta ya breki yasiiguse karibu mwezi. Akasema ikishikika kavu tusidanganyike, kwa sababu kukauka juu ni jambo moja na kukomaa ni jambo lingine. Na maji yasiifikie kabisa wiki hiyo ya kwanza.

Gibson alisikia, mimi nilisikia, vijana walisikia. Baba alikuwa kliniki siku hiyo. Hakuna aliyefikiria kumweleza. Unamwelezaje fundi wa sakafu habari za sakafu?

Asubuhi yake aliamka kabla yetu sote. Akaenda kuitazama, akaipapasa kwa kiganja akaikuta kavu. Kwa baba, sakafu iliyokauka kwa usiku mmoja ni sakafu inayokufa. Akatoa yale magunia yake stoo, akayalowesha kwenye pipa, akayatandaza kutoka mlangoni mpaka ukutani, kila moja limenyooshwa kama shuka la hospitali. Nilimkuta ameketi juu ya tairi akinywa chai, mikono inatiririka maji. Akaniambia, 'Nzilani, hawa watoto wangeiacha ipasuke.'  Kaloki, nilikwenda kumwita Gibson.

Tulipoyabandua magunia, mengine yalitoka na mengine yakaacha nyuzi zake mle mle. Rangi yote ilikuwa imegeuka nyeupe kama uji uliomwagika, na kila mahali kuna alama ya gunia. Gibson aliyaona yote akiwa mlangoni. Ningependa kukuambia kwamba alimeza hasira yake, maana ni mtu mpole, nawe unamjua.

Alisema, 'Mzee, ni nani amekutuma? Si ukae tu ule, uache kugusa vitu za watu.'

Alisema mbele ya vijana. Ulimi hauna mfupa, ndugu yangu. Mwaka mzima wa kupishana kwa adabu uliisha kwa maneno ambayo hayajazi hata mstari mmoja.  Baba alitoa leso akajifuta mikono, kidole kwa kidole, akaingia chumbani. Siku hiyo hakula. Kesho yake akamwomba lifti mwenye pikapu aliyekuwa akienda Marungu kuchukua mbuzi, akaondoka naye mimi nikiwa sokoni. Nilirudi nikakuta kitanda kimetandikwa na blanketi zetu zimekunjwa juu yake, kama za mgeni.

Magari ya watalii yalikwenda kwa fundi mwingine, maana hawakuweza kutungoja. Maxwell alirudi na mashine akaisaga sakafu mpaka simenti, akapaka upya, na safari hii tulifunga mlango kwa kufuli tukangoja siku zote alizosema. Imekomaa. Inapendeza. Gibson anafanya kazi juu yake bila redio, wakati zamani redio ndiyo iliyokuwa inanitia wazimu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema lazima aende Marungu. Lakini huwezi kwenda kwa mkweo mikono mitupu baada ya maneno kama yale. Akatafuta mbuzi dume asiye na kasoro, akamchukua baba yake mdogo, mzee Mwandawiro, awe msemaji wake, nasi tukaenda Jumamosi ya wiki iliyopita. Njiani nilikuwa na hofu kuliko siku ya harusi yangu. Niliogopa baba atakataa kutupokea, amwache yule mbuzi amefungwa getini mpaka jua lizame.

Hatukumkuta nyumbani. Shangazi Ndila alituonyesha kwa mkono, na tukamwona ng'ambo ya boma, kwenye kaburi la mama, amepiga magoti na mwiko mkononi.

Analijengea, Kaloki. Peke yake. Amezungusha mawe na kuyapiga lipu, na juu yake magunia yale yale aliyoondoka nayo kwetu, yameloweshwa. Maji ya Marungu unayajua, yanakuja kwa mitungi juu ya punda, na mtu huoga kwa kikombe ili yabaki ya kunywa. Nusu ya maji yake baba anayamwaga kwenye kaburi. Shangazi anasema huwa anatoka nje kungali na giza kuyamwagilia, na ndovu wamerudi. Wiki ile walivunja tangi la jirani na kung'oa ua wote. Tembe zake za presha nilizikuta kwenye dirisha, nyingi kuliko zinavyopaswa kuwa. Amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi.

Lakini alimpokea Gibson vizuri. Mzee Mwandawiro aliongea maneno yaliyopangwa, Gibson akainamisha kichwa, na baba akaomba sala fupi kisha akasema mbuzi achinjwe. Wakala sahani moja, baba na Gibson, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe. Nililia nikijifanya ni moshi. Gibson akataka kumweleza tena habari za rangi, baba akamkatiza, 'Hiyo rangi yenu siijui. Ungeniambia tu, ningekaa mbali.' Hakusema kwa ubaya.

Kwa hiyo nilijua tunarudi naye. Niliingia ndani nikaanza kumfungashia nguo. Nje Gibson alivua koti akamsaidia kubeba maji, akaloweka magunia vile alivyoonyeshwa. Kisha akaona upande wa kichwani haujapigwa lipu, mawe yako wazi, akachukua mwiko amalizie. Baba akamshika mkono. 'Hapo acha,' akamwambia. 'Hapo pana mwenyewe.'

Nilipotoka na mkoba wake, hata hakuutazama. Nilimsihi. Nilimwambia yameshasemwa, yameshasamehewa, chumba chako kiko, Wendy anakuuliza. Akasema, 'Gibson hana deni kwangu. Nimemsamehe hata kabla hajaleta mbuzi.' Nikamuuliza, basi kinachokuweka huku ni nini?

Akatazama ule upande wa kichwani. 'Kaloki aliona kwa simu tu mama yake akishushwa kaburini,' akasema. 'Kaburi liko nyuma ya boma, halionekani ukitoka njiani. Akija nami niko kwa watu, ni nani atamwonyesha?'

Sikukuandikia ili nikulaumu. Najua mwajiri wako alivyokataa mwaka jana, na najua ulivyolia siku ile, maana nilikuwa nimeishika simu mimi. Lakini sitakudanganya pia kwamba baba ana muda mwingi. Usimpigie. Nimegundua ukimpigia huwa anakwambia yuko salama, nawe unalala ukiamini. Njoo. Hata kama ni kwa wiki moja, hata kama utarudi siku ya pili baada ya kupiga lipu upande ule aliokuachia. Mimi siwezi kumtoa pale, Gibson hawezi, na mbuzi hakuweza.

Gibson anakusalimu sana, amesema atakupokea mwenyewe uwanja wa ndege na kukupeleka Marungu moja kwa moja. Wendy anakusalimu. Shangazi Ndila anakusalimu na kusema amekuwekea kuku ambaye sasa anazeeka. Tryphena naye, mama yake Koki, anakuomba umwangalie binti yake huko kama ndugu. Baba hakutuma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, aliuliza tu kama huko Doha bado ni mbali.

Mungu wa mama yetu akufungulie njia, akupe kibali mbele ya mwajiri wako, na akutangulie hapa nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja pamoja naye,

Nzilani