Ukungu kwenye Televisheni ya Tata

Nyanga,
Bukoba.
3 Agosti, 2025

Mpendwa Dada Agnetha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Avit, na kwamba joto la Lindi limewapunguzia kidogo, maana mara ya mwisho ulisema hata usingizi hampati. Na Restituta wetu mdogo je? Ulisema ameanza kusimama kwa kushikilia viti. Jina la Mama limempata mwenye haraka kama Mama mwenyewe. Mpakate kwa niaba yangu.

Sisi huku hatujambo. Celina na watoto, wanaokaa na baba kule Nshamba, wanakusalimu sana. Pale nyumbani kahawa bado inaanikwa uani, na migomba imepona ule mnyauko, isipokuwa mashina machache ya upande wa bondeni tuliyong'oa na kuchoma. Mvua hazijaanza.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nikikupigia nikiwa Nshamba, mzee wetu Tata anakuwa ubavuni anasubiri zamu yake ya kuongea. Nikiwa hapa Nyanga peke yangu, ulimi unakwama. Kuna siku nilianza nikanyamaza katikati, ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao, dada.

Uliniuliza kati ya dishi na antena kipi kinafaa pale nyumbani, ili ujue ununue nini ukija Desemba. Nikakujibu kwamba tutaongea. Basi jibu ni hili. Hapa mjini antena inatosha kabisa, naiweka juu ya bati na stesheni zetu za nyumbani zinaingia zote, picha ya HD, safi, bila malipo ya kila mwezi. Lakini nyumba ya Tata iko nyuma ya kilima, na mawimbi ya antena hayapendi kilima. Dishi linataka anga iliyo wazi tu. Uliyasema hayo tangu siku ulipotuma ile televisheni, nami nikakubishia. Ulikuwa sahihi. Laiti kosa langu lingekuwa hilo peke yake.

Unanijua nilivyo. Mwalimu wa fizikia hawezi kuambiwa habari za mawimbi na dada yake. Nilikata mkaratusi mrefu kule juu ya kibanja, nikaufanya mlingoti, Tata akanishikia shinani wakati naupandisha. Picha ikaja. Tukaangalia misa ya Krismasi wote sebuleni, na Tata akasema sasa Roma imehamia Nshamba. Jirani yetu Lameki, ambaye ana dishi, mvua kubwa ikinyesha picha yake inapotea, na watoto wake wanakimbilia kwetu. Nilijiona mshindi. Hata shuleni niliwasimulia walimu wenzangu.

Karibu na Pasaka Tata akaanza kusema picha ina ukungu. Nikabadilisha waya. Akasema bado. Nikaongeza urefu wa mlingoti, nikaigeuza antena upande huu na ule, kila Jumamosi natoka mjini na mfuko wa vifaa kama fundi. Kweli kuna nyakati picha ilikuwa inaganda na kuvunjika vipande vipande kwa sababu ya kilima, kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba kosa liko juu ya bati.

Kisha Tata akaenda kwa Lameki kuangalia mpira. Aliporudi akaniambia kwamba hata kule kuna ukungu. Dada, unajua nilifanya nini? Nilicheka kwa furaha. Nilimwambia Celina, unaona, hata dishi halina maajabu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujisamehe. Picha ya dijitali haina ukungu. Inaganda, inavunjika, au inapotea kabisa. Ukungu na chengachenga vilikuwa vya zile televisheni za zamani. Jambo hilo nalifundisha kidato cha nne, nalichora ubaoni kwa mkono wangu, na wanafunzi wakikosea kwenye mtihani nawakata alama. Mzee ananiambia kuna ukungu kwenye nyumba mbili, kwenye mitambo miwili tofauti, nami sikujiuliza kinachofanana kati ya nyumba zile ni nini. Kilichofanana ni Tata.

Na dalili zilikuwepo. Alikuwa anagonga fremu ya mlango kwa bega. Alimimina chai pembeni ya kikombe akasingizia kikombe. Celina aliniambia waziwazi kwamba macho ya Baba hayako sawa, nimpeleke kwa daktari. Nikamwambia subiri kwanza nimalize hii antena.

Sasa nikusimulie ile Jumamosi ya mwezi wa tano. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito, nami nikapanda juu ya bati mapema ili nimalize kabla ya mvua. Tata alikaa ndani mbele ya televisheni, kazi yake ilikuwa kunijibu. Nageuza antena kidogo, nauliza kwa sauti, "Sasa je?" Ananijibu, "Bado." Nageuza tena. "Bado kidogo." Nilikuwa nimechoka, shati limelowa jasho, na bado nina mitihani ya kusahihisha. Nikamfokea, dada. Nikasema, "Tata, angalia vizuri basi!"

Ngurumo ikasikika upande wa ziwani. Nikagusa waya kidogo tu, nikauliza tena, na safari hii akajibu kwa nguvu: "Hapo hapo! Imekuja. Usiiguse tena, shuka."

Nikafunga nyaya, nikashuka ngazi huku najisifu moyoni. Nikaingia sebuleni. Televisheni ilikuwa nyeusi. Hata kile kitaa chekundu cha chini hakikuwaka. Celina akatokea jikoni akasema umeme umekatika tangu nilipopanda. Na Tata amekaa pale, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza kwenye kioo kile cheusi kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Nikamuuliza, "Tata, unaona nini?"

"Si umesema umemaliza?"

"Umeme hakuna, Tata. Televisheni imezimika."

Akapapasa mkono wa kiti. Kisha akasema, "Mvua ilikuwa inakuja, nawe uko juu ya bati. Nilitaka ushuke."

Nikachuchumaa mbele yake, nikamwomba anieleze ukweli wa macho yake. Akanieleza taratibu, kwa Kihaya, kama anavyoeleza habari za mgomba ulioanguka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuondoka. La kulia lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na tundu lenyewe limejaa moshi. Chumba kikiwa na giza kama siku ile, haoni kitu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza habari za televisheni, mwanangu. Nikakujibu habari za televisheni."

Hakusema kwa kunilaumu. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini Bukoba, naye akatuandikia tuende Mwanza. Kule wakasema ni presha ya macho. Inaula mshipa wa jicho polepole, bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Wakamfanyia upasuaji jicho la kulia ili kushikilia kilichobaki, na sasa anawekewa matone asubuhi na jioni. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama ningemleta wakati wa Pasaka. Aliendelea kuandika kidogo, kisha akasema, "Tungekuta zaidi ya hiki."

Ile safari ya Mwanza nilikwambia tumekwenda kupima, na kwamba ni macho ya uzee tu, amepewa dawa. Nilikudanganya. Ni kweli Tata aliniomba nisikutie wasiwasi, asije akakuondoa kazini na mtoto bado mchanga. Lakini mimi nililishika neno lake nikajifichia nyuma yake, kwa sababu lilinifaa.

Kuna jambo jingine, na hili nimelibeba kwa shida zaidi. Unakumbuka ile picha ya Restituta uliyotuma siku ya ubatizo? Tata aliishika simu karibu na pua, akasema mtoto amechukua paji la uso la mama yenu. Tukafurahi wote, na wewe kule ukalia kwenye simu. Wodini Mwanza, akiwa bado na bandeji, aliniambia kwamba hakuona kitu siku ile. Alisema tu kile ambacho babu anapaswa kusema.

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti kama tulivyofundishwa. Akaniambia niinuke. Akasema, "Ungekuwa mvivu ningekulaumu. Lakini ulipanda bati kila Jumamosi." Dada, afadhali angenitukana. Maneno hayo nalala nayo na kuamka nayo. Siku hizi nikisimama mbele ya wanafunzi na kufika kwenye somo la mawimbi, nawaachia wasome wenyewe.

Antena nimeishusha. Nilimtafuta fundi Twaibu wa mjini, akaja kufunga dishi upande wa kusini wa nyumba, na picha sasa ni nzuri sana. Wajukuu wanaiangalia. Tata anakaa karibu na spika anasikiliza taarifa ya habari na misa, na Lameki akija anamwuliza nani ana mpira. Hajalalamika hata mara moja. Kwa hiyo Desemba usinunue kitu chochote.

Wala usiisubiri Desemba. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jicho lile la kulia daktari hakuliahidi muda. Alisema linaweza kushikilia, na linaweza lisishikilie. Celina amegundua kwamba Tata anaona vizuri zaidi asubuhi, akikaa dirishani, mtu akiwa karibu naye kabisa. Juzi alimtambua Joackim wangu kwa pengo la jino, akacheka peke yake muda mrefu.

Omba ruhusa kazini, dada. Mchukue mtoto mje. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na unikasirikie hapa hapa uso kwa uso, nitakusikiliza mpaka umalize. Ukitaka kuniambia mbele ya ukoo wote pia sawa. Ila usikae huko ukisubiri hasira ipoe. Jamaa wote wakiandikiana huambiana njoo umwone mzee. Mimi nakuomba uje akuone.

Msalimie sana shemeji Avit, umweleze haya yote bila kunitetea. Msalimie na mama mkwe wako, na jirani yako Bi Shamsa aliyekuuguza wakati wa uzazi. Celina anasema chumba chenu amekwisha kukipiga deki. Lameki na mkewe wanakusalimu. Tata hajui kama nakuandikia, ila leo baada ya misa ameniuliza Lindi ni mwendo wa siku ngapi.

Mungu awashike mkono njiani, awapitishe salama, na amwachie Tata mwanga wake mpaka mfike.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda, na ninayekuomba radhi,

Kahangwa