Kabichi na Chupa Mbili za Shangazi

Kigali, 4 Juni 1992

Baba mpendwa, shikamoo. Niliahidi kukueleza kila kitu, lakini kadi ni ndogo, kwa hiyo naanza na chupa mbili za shangazi.

Leo asubuhi kulikuwa na baridi. Jikoni mawese ya chupa moja yalikuwa yameganda kama sabuni, ila mafuta ya alizeti katika chupa ya pili kando yake yalitiririka. Nikataka kuyapasha moto. Dada Mariamu, ambaye sasa anasoma habari za mimea chuoni, akanizuia. "Ona kwanza, mdogo wangu. Hii iko ngumu, hii iko maji. Kabichi nayo iko na mafuta." Kumbe kila seli ya mmea ina utando mwembamba wa mafuta. Baridi ikija polepole, kabichi huyabadilisha yawe laini zaidi, kama ya alizeti, ili utando usikakamae na kupasuka kwenye sakitu, ule umande unaoganda usiku. Haina blanketi, lakini hujikinga kwa ndani.

"Na ikija ghafla?" nikauliza.

"Inakufa."

Baba, miche ya kabichi iliyokufa mwaka jana niliitoa mimi, kutoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye sakitu, nawe ukasema ni bahati mbaya. Nisamehe. Nawapenda nyote hapo Njombe. Mwanao Rehema nangoja jibu: je, miche ya mwaka huu ingali ndani, na utaniachia niizoeshe baridi kidogo kidogo nikirudi?