Shevroleti Iliyokataa Kwenda Isabela

Sagua la Grande, 3 Oktoba 2011

Mwanangu Maricel,

Salamu kutoka kwa baba yako mdogo Eleuterio, fundi ambaye akipiga chafya hapa Sagua, madereva wa Santa Clara huzima injini wasikilize amesemaje. Mgongo wako u hali gani huko Tampa? Sisi tu wazima, isipokuwa baba yako. Daktari anasema moyo umechoka, akitaka kitu apewe. Anataka kimoja tu: tarehe kumi na nane Novemba, siku aliyofariki mama yako, ampelekee maua kaburini kule Isabela kwa ile Shevroleti iliyowabeba siku ya harusi. Nikamwambia magari ya kukodi yapo. Akajibu, "Nikifika na gari jingine, ataniuliza nimepata mwanamke gani."

Basi nikaiosha injini kwa petroli mpaka unaona meno yako humo. Tangu hapo inamisi, mlio unarukaruka. Inatetemeka kama mbwa aliyetoka mtoni, inakohoa kwenye kabureta. Usihofu. Mimi niliwahi kufufua trekta kwa soli ya kiatu, jenerali mzima akalia machozi. Nipe siku mbili.

Baba yako mdogo,
Eleuterio


Tampa, 21 Oktoba

Baba mdogo,

Nakuomba baraka zako. Sijambo, ila mgongo haupoi kwa kutandika vitanda vya hoteli. Siku zako mbili sasa ni kumi na nane. Mimi sina karatasi, nikitoka huku sirudi, kwa hiyo safari hiyo ya Isabela ni ya Baba na ni yangu pia. Tafadhali lisogeze gari chini ya dirisha lake, uliwashe, asikie. Yeye alikuwa akijua ugonjwa wa gari kwa mlio, kabla halijakata kona. Msikilize, baba mdogo.

Mwanao,
Maricel


Sagua, 6 Novemba

Mwanangu,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Baba yako anakula kidogo, ila ulimi wake ni mzima kabisa.

Nimelisogeza. Tulisukuma watu sita. Nikawasha, nikawa nachomoa waya za plagi moja moja. Nyingine ukichomoa injini inalia. Ya tatu na ya tano ukichomoa, haijali. Silinda mbili zimekufa. Mara baba yako akapaza sauti toka kitandani: "Eleuterio! Nyuzi zangu umepeleka wapi?"

Kweli, kwenye nyaya hizo zilifungwa nyuzi: nyekundu na nyeupe, njano, buluu. Nani asiyezijua rangi hizo? Nilidhani ni nadhiri zake kwa Changó na Ochún na watakatifu wenzao, kila mmoja na rangi yake. Nikazifungua kwa heshima zote siku ile ya kuosha, nikaziweka kwenye glasi ya maji mbele ya watakatifu, nikawasha na mshumaa.

"Nadhiri gani, punda wewe! Zile zilikuwa alama za kila waya na plagi yake. Kile kifuniko cha distribyuta ni cha lori la Kirusi, namba zake si zetu. Umepishanisha ya tatu na ya tano."

"Kaka, valvu zimeungua hizo."

"Mbili kwa pamoja, siku ile ile uliyoosha? Zilipeana ahadi?"

Bi Obdulia wa jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa mimi, Eleuterio, nifundishwe na mgonjwa mbele ya mtaa? Nimeshafungua silinda hedi nizitoe hizo valvu. Nasubiri gaskiti mpya ya kufungia.

Baba yako mdogo


Tampa, 2 Desemba

Baba mdogo,

Nakuomba baraka. Bi Obdulia amenipigia simu. Anasema Baba alizikwa Jumatatu, Isabela, kando ya Mama. Wewe hukuniandikia neno. Sitaki kujua gharama wala nani alikuja. Niambie tu kwamba tarehe kumi na nane mlikwenda. Alikaa kiti cha mbele?

Maricel


Sagua, 19 Desemba

Mwanangu Maricel,

Pole, mwanangu. Mimi ni mzima wa mwili.

Hatukwenda. Siku hiyo alivaa shati jeupe tangu asubuhi, akakaa na maua mapajani, na valvu ziko juu ya meza ya jikoni. Jioni akasema, "Mpe Obdulia hayo maua, yananyauka." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Gaskiti ilikuja tarehe ishirini na mbili. Nikafunga kila kitu, nikawasha. Ikamisi vilevile. Sikumwambia, ingawa dirisha lilikuwa wazi. Jumapili ya tarehe ishirini na saba akafariki.

Asubuhi ya maziko nilikwenda nikabadilisha zile nyaya mbili. Si kwa kumtii. Nilitaka kumwonyesha, maiti kama alivyo, kwamba alikosea. Nikawasha. Ilitulia mpaka nikadhani imezimika. Nilipoweka mkono juu ya boneti ndipo nikajua iko hai.

Tukamfuata nayo hadi Isabela. Haikukohoa hata mara moja njia nzima. Pale makaburini wanaume wakaizunguka, wakanipiga mabegani: "Eleuterio, mikono gani hiyo! Ilikuwa na nini?" Bi Obdulia alikuwa amesimama hapo hapo, ananitazama.

Nikavua kofia, mwanangu, nikawaambia zilikuwa valvu.

Baba yako mdogo