Binti Yangu Amewapa Watu wa Mtandaoni Hesabu ya Ng'ombe Wangu

Shangazi Romana, shikamoo. Mimi ni mfugaji wa huku Kasokola, ukurasa wako huwa nausoma nikisubiri zamu kwa kinyozi pale mjini na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nitakuja kukuandikia, lakini yamenifika shingoni, naomba msaada wako, ila jina langu usilitaje.

Nina binti, Nyanzala, yuko kidato cha pili, na hesabu anazipenda kupita kiasi. Mwaka jana mwalimu wake, Gelasius, alikuja mwenyewe nyumbani akasema mtoto wako ana kipaji, kuna programu ya hesabu za juu ya watoto wa aina yake, amefanya mtihani na amepita, watasoma kwa simu kila Jumamosi na ni bure. Nikasema sawa, atatumia simu yangu kubwa, lakini tangu siku hiyo roho yangu haijatulia, maana bure gani hiyo, nani anamfundisha mtoto wa mfugaji bure, na huyo mwalimu wa kwenye simu anaitwa Rénovat, nyuma yake kuna ukuta mweupe tu, hata kalenda hakuna, nikiuliza yuko nchi gani naambiwa wanafunzi wanatoka nchi nyingi. Nikawa nakaa karibu najifanya nasuka kamba, nasikia wanaongea Kiingereza, wanacheka, sijui wanacheka nini.

Sasa wiki mbili zilizopita wakapewa kazi, kila mtoto achague kitu cha kwao kinachoongezeka na kupungua, atafute kanuni ya kujua miaka mitano ijayo kitakuwa kiasi gani. Kuna aliyechagua kuku, mwingine maji ya kisima. Wa kwangu akachagua ng'ombe. Ng'ombe! Shangazi, wewe ni mtu wa huku unajua, sisi Wasukuma idadi ya ng'ombe haisemwi, ukiulizwa unajibu wapo kidogo, hata mtu wa chanjo akija namtajia nusu, na wewe hapa sitakutajia. Yeye akaandika wote, na ndama, na wanakochungwa, na picha ya zizi akaweka, akamtumia mtu wa ukuta mweupe.

Nilipoiona ile picha nikawaka. Nikamwita jikoni mbele ya mama yake, Monika, nikasema soma hiyo kazi yako kwa Kiswahili, kila neno, usiruke hata moja, mama yako asikie ulivyotuuza. Akasoma. Kumbe huyu mtoto tangu darasa la tano anaandika kwenye daftari, maana kazi ya kufunga ndama jioni ni yake, waliozaliwa anawajua, waliokufa anawajua kwa ngozi zao, waliouzwa mnadani anawajua, akajumlisha, akatoa, halafu akasoma hivi: "Hesabu inaonyesha ng'ombe kumi na mmoja hawapo. Hawakufa, hawakuuzwa, na zizini hawamo. Bado natafuta sababu."

Mama yake akaweka mwiko chini.

Nikapiga kelele, nikasema umekosea, hujui chochote, hicho kipaji wanakudanganya. Akalia, akaenda ndani, akapiga hesabu upya mara tatu, akarudi: "Baba, ni kumi na mmoja walewale." Nikachukua simu nikaifungia sandukuni, ufunguo natembea nao, na kesho yake nikaenda shuleni nikamwambia Gelasius mbele ya walimu wenzake kwamba anashirikiana na wezi wa mifugo. Jumamosi hii saa nne asubuhi kuna mtihani wa kupanda hatua ya pili, asipoufanya nafasi yake anapewa mwingine. Mtoto haongei na mimi, na mama yake kila siku ana swali moja tu, "Wako wapi?"

Ukweli nikuambie wewe, Shangazi. Wako Misunkumilo kwa mdogo wangu Lyamba, nimekuwa nikiwapeleka wawili, watatu, kwa sababu kuna mama mmoja pale Nsemulwa nataka kumuoa na hao ndio mahari. Monika hajui. Sasa nisaidie, hawa watu wa mtandaoni si matapeli kweli? Nimtoe mtoto?

Mfugaji, Kasokola

*

Marahaba, baba. Jina lako sijalitaja, na ya wenzako nimeyabadilisha, maana wewe uliomba siri halafu ukanitajia ukoo mzima.

Nianze na swali lako, ingawa silo linalokuuma. Kuwatilia shaka watu usiowaona hujakosea. Mtandaoni kuna walimu na kuna mafisi, na wote wanacheka vizuri. Kwa hiyo nenda shuleni ukaulize programu hiyo inaendeshwa na nani, na kama mkuu wa shule ana barua yao. Picha ya zizi na mahali mnapochungia mwombe mwalimu zifutwe, na Nyanzala mwambie kwa upole kwamba habari za nyumbani hazitumwi kabla ya kuuliza. Siku za darasa endelea kukaa hapo na kamba zako. Siku wakimwomba picha zake, au waongee naye kwa siri, zima simu na uende kuripoti.

Haya, hilo limeisha. Sasa mashaka yako yamenitia mimi mashaka. Mwaka mzima umemvumilia Rénovat na ukuta wake, hukufunga sanduku. Ulilifunga lini? Siku wale kumi na mmoja waliposomwa mbele ya mkeo! Baba, hukuogopa wezi. Ulimwogopa Monika. Halafu ukaenda kumchafua mwalimu wa watu mbele ya wenzake, mtu aliyekuja hadi kwako kwa miguu yake kukuambia mtoto wako ana akili. Aibu hiyo ni yako, si yake.

Na huyo Monika ng'ombe hao amewakamua kwa mikono yake. Kama unataka kuoa, mtu mzima unasema, unakaa na mkeo na wazee wa pande zote mbili, mnaongea. Kuhamisha mifugo wawili wawili kama unaiba kwako mwenyewe, hapana. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekuwa fupi zaidi kwa sababu nyumbani kwako kuna mtu anajua kutoa na kujumlisha.

Nisikilize vizuri. Leo jioni mwambie Monika wako wapi na kwa nini. Mwambie wewe, usimtume Lyamba. Atakasirika, na ana haki, kaa hapo hapo usikilize mpaka amalize, na huyo mama wa Nsemulwa asubiri mpaka yaishe ya nyumbani. Kesho nenda shuleni, umwombe Gelasius radhi mbele ya walimu walewale waliokusikia ukimtukana. Simu itoe sandukuni, uichaji.

Kisha mwite Nyanzala. Mambo ya ndoa yenu usimbebeshe, hayamhusu. Mwambie maneno haya tu: "Hesabu yako ilikuwa sahihi. Aliyesema uongo ni mimi." Najua ni mazito. Yaseme. Mtoto alipata jibu la kweli, akalirudia mara tatu, na baba yake akamwambia amekosea. Usiporekebisha hilo kabla ya Jumamosi, hata ukimpa simu itakuwa kazi bure. Atakaa kwenye mtihani, ataandika jibu sahihi, atalitazama, na atalifuta.